Usawa wa Mgao Si Haki kwa Mtoto wa Kinango

Watawala wetu wana neno moja walipendalo mno wakiulizwa habari za shule za umma. Neno hilo ni "sawa". Kila mtoto wa shule ya msingi, wanatuambia, hutengewa shilingi 1,420 kwa mwaka, awe anasoma Kinango au Kiambu, Ndavaya au Nairobi. Hakuna aliyependelewa wala aliyeonewa. Sisi tuandikao makala haya ni walimu na wazazi wa Kinango, nasi tunalikana neno hilo mchana kweupe. Kuwapimia kwa kibaba kimoja mwenye ghala na asiye na punje, kisha kujisifu kwa uadilifu, ni dhuluma iliyovishwa kanzu ya haki.

Tunaliandika jambo hili katika jarida la mageuzi kwa makusudi. Wako wenzetu wadhaniao kuwa mapambano ya vyama vingi yalihusu Bunge, kura na Katiba tu, na kwamba mambo ya chaki na madawati ni ya vyama vya walimu. Sisi hatuamini hivyo. Utawala bora hupimwa pale ambapo serikali hukutana na mnyonge ana kwa ana, na kwa mtoto wa mfugaji wa Kiduruma mahali hapo ni darasani. Hana sura nyingine ya serikali anayoijua. Akimkosa mwalimu, ameikosa serikali.

Hesabu ya shule mbili

Tuchukue mfano wa shule mbili, bila kuzitaja majina kwa kuwa ziko nyingi za namna hiyo. Ya kwanza iko mjini, nayo ina wanafunzi 1,000. Ya pili iko ndani ya nyika ya Kinango, nayo ina wanafunzi 200. Kwa kipimo cha shilingi 1,420, ya kwanza huhesabiwa shilingi 1,420,000 kwa mwaka, na ya pili shilingi 284,000. Gawa kiasi hicho cha pili kwa mihula mitatu, nawe utapata chini ya shilingi 95,000 kwa muhula. Tena si zote zifikazo shuleni, kwa kuwa tangu mwaka 2018 vitabu vya kiada hununuliwa na serikali kuu, na sehemu ya mgao hubaki huko huko Nairobi kwa kazi hiyo.

Sasa tazama matumizi. Kila moja ya shule hizo yahitaji mlinzi wa usiku. Paa likiezuliwa na upepo, bei ya bati haipungui kwa sababu watoto ni wachache. Mwalimu mkuu wa mjini akiitwa ofisini, hulipa nauli ndogo na kurudi kabla ya adhuhuri. Mwenzake wa nyikani hupanda bodaboda hadi barabara kuu, kisha matatu, na siku yote imekwisha. Shule ya mjini hufungua mfereji. Shule ya nyikani, mvua zikikosa, hununua maji ya lori au huwaagiza watoto waje na vidumu. Ziko gharama ambazo shule huzilipa kwa kuwapo tu, na gharama hizo humeza mgao wa shule ndogo kabla mtoto hajafundishwa herufi hata moja.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini basi shule za Kinango ziwe ndogo na za mbalimbali? Nchi yetu ni kame, watu wake ni wafugaji na wakulima wa mahindi wanaotegemea mvua isiyoweka ahadi, na miji yao imetawanyika. Ukizikusanya shule hizi ziwe chache na kubwa, mtoto wa miaka sita atatembea kilomita nyingi alfajiri bila kitu tumboni. Katika ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 na kuendelea hadi 2023, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa ya maeneo kame ya nchi. Wakati kama huo, sufuria ya shule ndiyo humvuta mtoto darasani, nayo ikikosa moto madawati hubaki matupu. Tangu mwaka 2018, Shirika la Chakula Duniani lilipoikabidhi serikali kazi ya kuwalisha wanafunzi, sufuria hiyo imekuwa dhamana ya Hazina yetu wenyewe. Hakuna wa kusingiziwa.

Pengo lilivyochimbwa

Pengo hili halikushuka kutoka mbinguni. Lilichimbwa, tena kwa jembe la sera.

Wamisionari wa CMS walifungua kituo chao Rabai mwaka 1846, na Wamethodisti wakajenga Ribe mwaka 1862, hata Pwani ikaziona shule za misheni kabla ya sehemu nyingi za bara. Lakini shule zilifuata vituo, wala hazikuenea nyika nzima. Na Waislamu wengi walisita kuwapeleka watoto wao humo kwa kuhofia wangebadilishwa dini. Serikali ya kikoloni nayo iligawa elimu kwa rangi ya ngozi, Mwafrika akawekwa mwisho wa foleni.

Uhuru ulipokuja tulitarajia foleni hiyo ivunjwe. Badala yake, Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965, ule ulioitwa wa Ujamaa wa Kiafrika, ulishauri kwamba fedha za maendeleo zielekezwe zaidi mahali zitakapozaa haraka: penye ardhi njema na mvua, penye njia za usafiri na umeme. Kinango ilipitiwa na reli tangu mwisho wa karne ya 19, pale Samburu na Mackinnon Road, lakini reli hiyo ilibeba mali za wengine. Kwa maneno mengine, mwenye nacho aliongezewa, na asiye nacho akaambiwa asubiri makombo.

Kisha ikaja Harambee. Hatuidharau, kwa maana wazazi wengi walijenga kwa jasho la uso wao. Lakini Harambee hujenga kwa kadiri ya mfuko wa mjengaji. Wenye kahawa na chai walijenga kwa mawe. Wenye mbuzi na ukame walijenga kwa udongo. Serikali ikaja na kuwapa wote walimu na vifaa kwa kadiri ya majengo waliyoyainua wenyewe, na hivyo ikautia muhuri utofauti ambao ilipaswa kuuondoa.

Ahadi za kabla ya kura

Mnakumbuka, ndugu wasomaji, orodha ya ahadi. Mwaka 1963 KANU iliahidi elimu ya bure isiyopungua miaka saba. Mwaka 1974 ada ilifutwa kwa madarasa manne ya kwanza, na muda si mrefu ikarudi kwa jina la ada ya ujenzi, ikiwa nzito mahali pengi kuliko ile iliyofutwa. Mwaka 1985 ukaingia mfumo wa 8-4-4, na wazazi wakatakiwa kujenga karakana. Mwaka 1988 serikali ikatangaza sera ya kugawana gharama, na watoto wa maskini wakaanza kurudishwa nyumbani kwa makundi.

Ndipo kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991, na vyama vingi vikarudi. Wako wasemao kwamba vyama vingi havikuleta lolote ila kelele. Hao tunawajibu kwa tarehe moja: Januari 2003. Serikali mpya ya NARC chini ya Rais Mwai Kibaki ilifuta ada za shule za msingi, na katika mwaka huo mmoja idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi takriban milioni 7.2. Hao zaidi ya milioni moja walikuwapo siku zote. Walizuiliwa mlangoni kwa kukosa pesa. Kura iliufungua mlango huo, na asiyelikiri hilo hawatendei haki waliofungwa na kupigwa kwa ajili ya kura hiyo.

Lakini mlango ulipofunguliwa, ndani hamkuwa na walimu wa kutosha. Tangu mwaka 1998 serikali ilikuwa imesitisha kuajiri walimu wapya, isipokuwa kujaza nafasi za waliostaafu, waliofariki au walioacha kazi. Watoto wakamiminika, walimu wakabaki wale wale. Na mgao uliowekwa mwaka 2003 ulikuwa shilingi 1,020 kwa mtoto. Zaidi ya miaka ishirini imepita, na kilichoongezwa ni shilingi 400. Mama yeyote anunuaye unga sokoni Kinango anajua kama bei zilisubiri.

Hata mgao wa sekondari, uliopangwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, haukusalimika. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliiambia kamati ya Bunge kwamba serikali haimudu kiasi hicho, na kwamba kinachowezekana ni kama shilingi 16,900. Shule yenye wazazi wenye uwezo huliziba pengo hilo kwa mchango. Shule isiyo na wazazi wa namna hiyo hulizibaje? Humrudisha mtoto nyumbani, au hupunguza uji, au humwacha mwalimu wa bodi bila malipo.

Mwalimu ni shahidi

Tumefika mahali ambapo wengi wenu mna shaka nasi. Mmezoea kusikia kwamba mwalimu hufungua kinywa akitaka nyongeza tu, na kwamba mgomo ni kuwatoa watoto kafara. Tunaomba suala hili litazamwe kwa utulivu.

Chama cha Kitaifa cha Walimu, KNUT, kilianzishwa mwaka 1957, kabla ya bendera yetu kupandishwa. Mojawapo ya sababu zake ilikuwa kwamba walimu waliajiriwa na waajiri mbalimbali, misheni na halmashauri, kila mmoja kwa masharti yake. Madai ya mwajiri mmoja wa taifa zima ndiyo yaliyozaa Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, mwaka 1967. Tangu hapo, kwa sheria, mwalimu wa nyikani na mwalimu wa jijini wamekuwa na mshahara wa kipimo kimoja. Hilo lilikuwa pigano la haki kwa mtoto wa mbali, ingawa liliitwa pigano la mishahara.

Oktoba 1997, miezi miwili kabla ya uchaguzi mkuu, walimu waligoma chini ya katibu mkuu wao Ambrose Adongo, na serikali ikakubali nyongeza kubwa itakayolipwa kwa awamu. Uchaguzi ukapita, na mwaka uliofuata serikali ikageuka. Walimu wakagoma tena Oktoba 1998, wakarudi kazini mikono mitupu. Mwaka 2015 mahakama iliamuru nyongeza ya asilimia 50 hadi 60. Serikali ikakataa kulipa, shule zikafungwa wiki kadhaa, na baadaye Mahakama ya Rufani ikaitengua amri hiyo. Tunayataja haya si kwa kufukua makaburi. Tunataka ijulikane kwamba ahadi aliyopewa mwalimu kabla ya kura ni ndugu wa ahadi aliyopewa mwananchi kabla ya kura, na zote mbili huzikwa katika kaburi moja.

Likaja jambo la sekondari msingi. Madarasa hayo yalipoanza mwaka 2023, yaliwekwa ndani ya shule za msingi, na walimu wengi waliotumwa kuyafundisha waliajiriwa kama wanagenzi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, ingawa walikuwa wamehitimu na kusajiliwa. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba utaratibu huo haukuwa halali. Mwezi uliofuata vijana hao wakaingia barabarani, na kwa bajeti ya mwaka huo zikatengwa fedha za kuwapa ajira ya kudumu wapatao 46,000 kuanzia Januari 2025. Wasingepiga kelele, wangeendelea kuitwa wanagenzi hadi leo.

Sasa jiulize, ndugu msomaji. Mwalimu anayelipwa kiasi hicho akipangiwa shule iliyo mbali na barabara, isiyo na nyumba ya mwalimu wala maji, atakaa muda gani? Ataomba uhamisho kabla ya wanafunzi wake kujua jina lake la pili. TSC yenyewe imekiri mara kadhaa katika miaka ya karibuni kwamba nchi ina upungufu wa walimu unaofika au kuzidi 100,000. Upungufu haugawanyiki sawasawa. Hutelemka kama maji ya mvua hadi mabondeni, na mabonde ya nchi hii yanajulikana.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na sisi tusijipe haki tusiyostahili. Mwalimu anayetia sahihi kitabu cha mahudhurio asubuhi kisha akashinda dukani kwake, huyo naye amemwibia mtoto wa Kinango, na chama cha walimu hakipaswi kumfunika blanketi. Mwalimu mkuu anayetafuna mgao hana tofauti na waziri anayetafuna mkopo wa taifa, ila kwa ukubwa wa kijiko. Tunaodai haki hatuna budi kuingia mahakamani kwa mikono safi.

Lakini mwalimu akisaidiwa, hufanya kazi. Ushahidi wake hauko mbali. Kuanzia mwaka 2010 watafiti walifanya jaribio katika shule 101 za msingi za serikali katika Kwale na Msambweni. Nusu ya shule hizo walimu wake wa madarasa ya chini walipewa mafunzo ya kufundisha kusoma, miongozo ya masomo na ujumbe mfupi wa simu kila wiki wa kuwakumbusha na kuwatia moyo. Watoto wao wakasoma vizuri zaidi kuliko wenzao, na walioacha shule wakapungua kutoka asilimia 5.3 hadi 2.1. Hakukujengwa maghorofa wala hakukuletwa walimu kutoka ng'ambo. Ni walimu wale wale, waliopewa nyenzo na kuulizwa hali.

Basari na mipaka yake

Mtatuambia kwamba Kwale ina basari. Ni kweli, nasi tunashukuru. Mpango wa Elimu ni Sasa, ulioanzishwa na serikali ya kaunti wakati wa Gavana Salim Mvurya aliyeongoza kutoka 2013 hadi 2022, umewafikisha vijana wengi wa nyumba maskini katika shule za kitaifa na vyuo vikuu. Asiyelikiri hilo ni mchoyo wa shukrani.

Hata hivyo, basari humtoa mtoto katika shule mbovu. Shule yenyewe huiacha pale pale. Humfuata aliyefaulu, na kufaulu katika darasa lisilo na mwalimu wa hisabati ni karibu na muujiza. Tena basari huning'inia kwa uzi mwembamba. Katiba ya 2010 iliwapa magavana elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, ikaiachia serikali kuu shule za msingi na sekondari. Kwa sababu hiyo, Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alizitaka kaunti zisilipe basari bila mapatano rasmi na serikali kuu, na mambo yakaishia mahakamani huku wanafunzi wakisubiri. Mtoto wa chekechea akivuka kwenda darasa la kwanza, amevuka mpaka wa serikali mbili, naye haujui mpaka huo. Anachojua ni kwamba jana alikuwa na kiti.

Katiba imekwisha kukubali

Je, tunadai jambo geni? La. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 204 kinaanzisha Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka, ili maji, barabara, afya na umeme vifikishwe katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Na Tume ya Ugavi wa Mapato ilipotaja kaunti 14 za kwanza za kunufaika, Kwale ilikuwa mojawapo. Maana yake ni kwamba sheria kuu ya nchi imekwisha kukubali msingi wa hoja yetu: aliyeachwa nyuma hupewa zaidi ili afike mahali alipo mwenzake. Msingi huo umekubaliwa kwa bomba la maji na waya wa umeme. Tunauliza kwa nini ukataliwe kwa mtoto aliye darasani.

Afrika Kusini, nchi iliyorithi ubaguzi mbaya kuliko wetu, hupanga shule zake za umma katika makundi matano kwa umaskini wa jamii inayozizunguka, na shule za makundi ya chini hupewa fedha zaidi kwa kila mtoto wala hazitozi ada. Uingereza, nchi tajiri, tangu mwaka 2011 huongezea shule fedha kwa kila mtoto atokaye katika nyumba maskini. Hakuna mahali palipoanguka mbingu.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yaweza kumtoza mzazi asiyempeleka mtoto shuleni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kumfunga kifungo kisichozidi mwaka mmoja. Tunaiheshimu. Lakini serikali isiyompeleka mwalimu katika shule hiyo hiyo, hiyo hutozwa nini?

Tunachodai

Kwanza, mgao wa shule uwe na sehemu mbili: kiasi cha msingi kwa kila shule hata iwe ndogo namna gani, kisha kiasi kwa kila mtoto, kikiongezwa katika maeneo kame. Pili, TSC itangaze hadharani kila mwaka idadi ya walimu inayotakiwa na iliyopo katika kila shule ya kata ndogo ya Kinango, shule kwa shule, ili mwananchi ahesabu mwenyewe. Tatu, zijengwe nyumba za walimu mahali pasipo na nyumba za kupanga, na walimu waajiriwe kwa ajira ya kudumu. Nne, maji na chakula cha shule viingizwe katika bajeti kama haki, visingoje ukame utangazwe janga. Tano, mwalimu anayesema ukweli kuhusu hali ya shule yake asiadhibiwe kwa uhamisho. Shahidi akinyamazishwa, kesi ya mtoto imekufa.

Neno moja la tahadhari kwa watu wetu wenyewe. Mwalimu atokaye Kisii, Machakos au Siaya akaja kufundisha Puma ni ndugu yetu na mgeni wa heshima. Tusisahau Agosti 1997, wakati malalamiko ya kweli ya Wapwani kuhusu ardhi, kazi na elimu yalipochukuliwa na wachochezi na kugeuzwa panga katika Likoni na Kwale, hata watu zaidi ya 100 wakauawa na wapatao 100,000 wakayahama makazi yao. Hakuna shule hata moja iliyopata mwalimu kwa njia hiyo. Tunataka vijana wetu wa Kiduruma na Kidigo wasome ualimu na kurudi kufundisha kwao, nao wafanye kazi bega kwa bega na wenzao wa kutoka kokote.

Wajibu wetu sote

Kwa waumini tuna ombi maalumu. Miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kanisa halikuuliza kama siasa ni kazi yake. Maaskofu Henry Okullu, Alexander Muge na David Gitari walisema kutoka mimbarini yale ambayo wabunge waliogopa kuyanong'ona. Leo kanisa lina kiti ambacho wakati huo halikuhitaji kukililia: sheria humpa mfadhili wa shule wajumbe watatu katika bodi ya usimamizi, na wazazi na jamii wajumbe sita. Wajumbe hao tisa wakiingia kikaoni wakiwa wamesoma hesabu, mwalimu mkuu mwaminifu atapata nguvu na asiye mwaminifu atapata kiwewe. Lakini mahali pengi kiti cha kanisa hujazwa na mtu anayekumbukwa siku ya maombi ya mtihani tu. Chagueni mama anayejua bei ya sabuni na kijana anayejua kusoma vitabu vya fedha. Na shule inayofadhiliwa na kanisa ikiwa na watoto Waislamu, kama zilivyo nyingi Kwale, mtoto huyo ahesabiwe wa nyumbani. Imamu na mchungaji waende pamoja ofisini kwa mkurugenzi wa elimu, waone kama watafungiwa mlango.

Kwa wanaharakati tunasema hivi: vikao vya bajeti vya umma hufanyika kila mwaka, na mara nyingi viti hubaki vitupu. Nendeni. Ulizeni shule ipi ilipata nini. Uchaguzi mkuu umepangwa Agosti 2027, na wagombea watakuja Kinango na fulana, unga na ngoma. Kabla ya ngoma, kila mmoja aulizwe mbele ya watu: utapigia kura mgao wenye nyongeza kwa maeneo kame, ndiyo au hapana? Jibu lake liandikwe na lisomwe tena mwaka unaofuata, naye akiwa amekaa pale mbele.

Mjane wa Injili hakumshinda kadhi dhalimu kwa upanga wala kwa fedha. Alimshinda kwa kurudi. Walimu wa nchi hii wamekuwa wakirudi tangu mwaka 1957, mara nyingi peke yao, na mara nyingi wakitukanwa na wazazi wa watoto wale wale waliokuwa wakiwatetea. Safari hii turudi pamoja nao, tukiwa na hesabu mkononi, muhula baada ya muhula, hadi mtoto wa Kinango apimiwe kwa mahitaji yake.